Kutengeneza Mandhari ya Miamba kwa Tangi la Samaki

Kabla ya kushika kisu, yatazame mawe yenyewe; mkazi wa Kisumu anayefika Kit Mikayi, ile miamba mikubwa kule Seme, ataona kwamba uzuri wa mwamba uko katika nyufa na vivuli vyake. Kata povu gumu jeupe, lile linalofungashiwa televisheni, dogo kidogo kuliko kioo cha nyuma cha tangi kwa kuwa saruji itaongeza unene, kisha lichonge na kulimegua kwa vidole, maana kisu pekee huacha kingo zilizonyooka mno. Paka saruji tabaka 3: la kwanza liwe jepesi kama uji ili lipenye kila tundu, yanayofuata yawe mazito, na yote yanyunyiziwe maji yasipasuke. Saruji mbichi huongeza ualkali wa maji kupita kiasi ambacho hata furu wa Ziwa Victoria wanaweza kukivumilia, hivyo loweka kazi yako wiki 3 au zaidi, ukibadilisha maji mara kwa mara. Igundishe kwa silikoni isiyo na dawa ya kuvu katika tangi kavu, usubiri saa 48. Povu lisiloshikwa barabara huibuka juu, pamoja na saruji yake, kama langu lilivyofanya usiku wa manane.