Jinsi ya kutunga neno la mtaani likashika

Mimi ni mama ntilie. Kwenye karatasi za mtaa nimeandikwa mama lishe, ila hakuna dereva wa bodaboda aliyewahi kuniita hivyo. Jina la kazi yangu lilitungwa na wateja, watu waliokuwa wakinyoosha sahani na kusema, "Mama, n'tilie!" Kelele za njaa zikageuka cheo. Nina miaka 11 sasa nyuma ya kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, Dar es Salaam, na maneno yaliyozaliwa na kufia kwenye mabenchi yangu mawili ni mengi kuliko sahani nilizovunjiwa. Baadhi niliyazaa mwenyewe.

Ukitaka kutunga, anza na kitu ambacho kila aliyepo amekishika au kukiona. Chipsi mayai huitwa zege kwa sababu yai likimwagwa juu ya viazi hushikana navyo kama saruji na kokoto, na nusu ya wanaokula hapa wamewahi kubeba zege lenyewe kichwani. Abiria wawili nyuma ya bodaboda ni mshikaki. Anayekunywa chai nzito saa tano ili asile tena mpaka usiku, huyo amepiga pasi ndefu. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, ingawa linaniulia biashara ya mchana. Angalia: hakuna hata moja linalohitaji maelezo. Ukilazimika kueleza neno lako zaidi ya mara moja, lifunge, litupe.

Rangi pia husaidia. Noti ya elfu kumi ni nyekundu, Simba nao wekundu, klabu yao iko Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo; basi noti ikawa msimbazi. Nina mteja wa Yanga damu, akifungwa na Simba hali siku nzima, lakini msimbazi akipewa haukatai.

Sasa nikupe la kwangu. Kulikuwa na kaka mmoja, anakula ubwabwa saa saba, anamaliza, anachokonoa meno, anaomba maji, anasoma gazeti la jirani yake. Saa kumi bado yupo. Tumeosha vyombo, tumefagia, tunataka benchi tulifungie ndani. Binti anayenisaidia akawa anasugua sufuria, nikamwambia, "Wewe sugua huo wa kwenye sufuria, ule ukoko wa kwenye benchi niachie mimi." Kijiwe kizima kikaanguka kicheko. Yule kaka alichelewa kuelewa, alipoelewa akacheka kuliko wote, akaondoka. Kesho yake alirudi na kumnong'oneza mwenzake, "Tule haraka, tusije tukaitwa ukoko."

Hapo nikajua limeshika. Sikulitangaza wala sikulirudia. Wengi huharibu hapa: mtu akishachekwa mara moja, analisema neno lake asubuhi, mchana na jioni mpaka linachacha. Wewe liseme mara moja kwa wakati wake, kisha nyamaza. Likirudi kwako kupitia mdomo wa mtu mwingine, ni zima. Lisiporudi ndani ya wiki, fanya matanga ya kimya kimya.

Kabla hujaliachia, chungulia kama halijaajiriwa kwingine. Mimi nilipoanza kupika chapati pana, kubwa kuliko sahani, nikaandika kwa chaki kwenye ubao: MKEKA 1,000. Nilifikiria mkeka wa kulalia, wa ukindu, ule wa kwetu Bagamoyo. Vijana walipofika wakaniuliza, "Mama, mkeka wako una timu ngapi?" Kumbe mkeka kwao ni orodha ya mechi walizobetia. Siku hiyo kila chapati iliyokatika wakati wa kugeuza, wanapiga kelele, "Mkeka umechanika!" Nilinuna mpaka jioni. Halafu nikahesabu pesa nikakuta chapati zimekwisha zote. Neno likabaki, ila kwa maana yao.

Urefu. Neno la mtaani liweze kusemwa na mtu aliyening'inia mlangoni mwa basi. Yale mabasi ya Dar yaliyoanza 2016 yana jina rasmi, mabasi yaendayo haraka, na ukilitamka lote basi limekwisha kuondoka. Watu wakasema mwendokasi, kwisha. Daladala nayo inasimuliwa hivyo hivyo: nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ya tano ikiitwa dala, konda akiita "dala, dala!" Nairobi nao wana matatu, kutokana na nauli ya mapeni matatu. Nauli zimepanda mara ngapi sijui, majina hayajashuka.

Kisha lijaribu kwenye kitenzi. Kuchakachua kulianzia kwenye mafuta ya gari yanayochanganywa na mafuta ya taa. Uchaguzi wa 2010 ulipofika, watu wakalibebesha kura. Kwa nini lilikimbia hivyo? Kwa sababu linanyumbulika: amechakachua, tumechakachuliwa, mchakachuaji, uchakachuaji. Mimi mwenyewe nimeulizwa kama uji wangu umechakachuliwa. (Haujachakachuliwa. Ni sukari iliyopanda bei.) Ukoko wangu ulinitesa hapo. Ukisema mtu "anakoka", msikilizaji anafikiria moto. Vijana ndio walioniokoa, wakasema "ameshika ukoko", kama wali uliosahauliwa jikoni. Kwa hiyo kitenzi kikigoma, kiazime cha jirani.

Kuna maneno ya siri pia, nayo yana kanuni zake. Mimi na binti yangu wa kazi tulitumia luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Mdaiwa sugu akiagiza pilau, binti aliniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, uniti zipo?" Nikijibu "Zimekata," mdaiwa alipewa stori kwanza na pilau baadaye, akishalipa. Tulidumu nalo miezi mitatu hivi. Siku moja mdaiwa mwenyewe akaja anatabasamu, akaweka jero mbili, yaani mia tano mbili, mezani na kusema, "Leo nimenunua uniti, nitilie." Neno la siri likishagunduliwa usiligombanie, wape watu walichezee, wewe katafute jingine. Utotoni tulikuwa tunasema kinyume, silabi ya mwisho unaileta mbele: kahawa inakuwa wakaha, samaki kisama. Tatizo la kinyume ni kwamba mama, baba, kaka na dada hawageuki. Wale wale uliotaka kuwasema wanabaki uchi mbele ya masikio yao.

Jambo moja sina utani nalo. Zamani hapa mtu aliyepata Ukimwi alisemwa kuwa amekanyaga miwaya. Ukilitazama kama fundi wa maneno, ni kazi safi: fupi, lina picha, kila mtu anaujua umeme. Lakini nilimwona mteja wangu akilisikia likisemwa nyuma yake, akaweka kijiko chini, na hakurudi tena. Tangu hapo maneno ya magonjwa, makabila na maumbile ya watu hayatungwi kwenye benchi langu. Anayebisha anakula amesimama.

Na ujue kwamba ukishaliachia neno, si lako. Chai zamani ilikuwa hongo, vijana wa leo wakisema "hiyo chai" wana maana umewadanganya. Nani aliibadilisha, hakuna anayekumbuka. Lako nalo litageuzwa hivyo hivyo, na hutalipwa hata andazi.

Mwezi uliopita nilikwenda Temeke kumtembelea mdogo wangu. Tulikaa, tukala, tukaanza kukumbushana habari za marehemu bibi, saa tatu usiku ikapita, saa nne ikapita. Mtoto wake wa darasa la tatu, ambaye hajawahi kukanyaga Rangi Tatu, alikuwa anasinzia kwenye kochi akisubiri nafasi ya kutandika godoro lake. Nikamsikia anamwuliza mama yake kwa sauti anayodhani ni ndogo, "Mama, ma'mkubwa leo ameshika ukoko?"

Nilichukua pochi yangu nikaaga.