Kuanza kuchomelea: aliyoyaona fundi cherehani

Nimeshona nguo miaka 15 kabla sijajiandikisha kozi ya kuchomelea vyuma, na nilijua mkono uliozoea mshono hautanisumbua. Kweli, mkono ulitii. Kazi kubwa ilikuwa kuyafundisha macho, na hilo ndilo nataka anayeanza alijue mapema.

Kabla hujalipa ada, nenda karakana siku ambayo wanafunzi wako kazini. Hesabu mashine, kisha hesabu vichwa. Watu 8 wakipokezana mashine moja, utamaliza kozi ukiujua vizuri mgongo wa mwenzako. Uliza kila mwanafunzi huchoma rodi ngapi kwa wiki, yaani vile vijiti vya chuma vinavyoyeyuka kuwa mshono. Mwalimu anayekutajia idadi, kaa naye. Anayekimbilia kukuonyesha cheti chenye muhuri, muage. Kwa maoni yangu pia, anza na mashine ya rodi kabla ya ile inayosukuma waya wenyewe. Ya waya hukupa mshono wa kupendeza upesi, hata pale ambapo vyuma havikushikana ndani, nawe bado huna jicho la kugundua.

Mavazi: pamba nzito, jinzi au ngozi. Poliesta na nailoni huyeyuka zikagandia mwilini. Pindo la suruali lisikunjwe kwa nje na mfuko wa shati uwe na kifuniko, maana cheche ikipata pa kutua, inatua. Suruali ifunike buti. Kioo cha helmeti kiwe na weusi wa namba 10 au 11, na chini ya helmeti uvae miwani, kwa sababu gamba la mshono, ule utando mgumu unaoganda juu yake, likigongwa huruka usoni.

Siku ya tatu nilisimama nikizungumza, helmeti nimeiinua, huku kijana wa meza ya pili akichoma. Moto wake niliuona kwa pembeni tu. Saa saba usiku niliamka macho yamejaa mchanga, machozi yanatiririka, taa haitazamiki. Mionzi ile huunguza uso wa jicho kama jua kali linavyobabua ngozi, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, wakati umeshasahau ulisimama wapi. Ikikupata usiyasugue, mwone daktari. Nawe kila unapotaka kuwasha, paza sauti kwanza, "Macho!", uwape wenzako nafasi ya kujifunika.

Rodi ya mwanafunzi mara nyingi ni E6013. Hiyo 60 ni nguvu ya mshono kustahimili kuvutwa, pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Hiyo 1 inasema rodi hufaa mkao wowote, hata chuma kikiwa juu ya kichwa chako, na 3 inahusu aina ya ganda lililopakwa kuizunguka rodi. Kwa rodi ya milimita 2.5 mimi nilianzia ampea 75 kwenye chuma bapa cha milimita 5. Safisha kutu na rangi kwa grainda, bana ethi, ule waya unaorudisha umeme kwenye mashine, kwenye chuma kitupu, kisha kwaruza ncha kama unayewasha kiberiti. Itagandia. Zungusha kiganja kwa ghafla. Ikikataa, bonyeza kishikio uiachie, helmeti ikiwa bado chini.

Ikishawaka, iache nafasi inayolingana na unene wa rodi yenyewe. Rodi inaisha huku unasonga, kwa hiyo mkono unashuka na kusogea kwa wakati mmoja. Ilaze kidogo upande unakoelekea, ncha ikitazama ulikotoka. Halafu tazama nyuma ya mwanga. Siku mbili nzima niliutazama mwanga wenyewe na mistari yangu ilikwenda kama nyayo za kuku. Mwalimu akaniambia nitafute kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka nyuma ya ncha, niufuate ukingo wake, nisisonge mpaka kiwe kimetanuka upana ninaoutaka. Siku hiyo hiyo mstari ulinyooka.

Wiki ya kwanza choma mistari tu, mingi, na kando ya kila mmoja andika kwa chaki ampea ulizotumia. Gonga gamba, piga brashi ya waya, kisha usome. Mshono uliokaa juu kama kamba iliyotupwa mezani umekosa joto. Wenye mtaro pembeni umepata joto kupita kiasi, au rodi uliiinua mno. Vitundu vidogo vinatokana na uchafu au unyevu.

Kuunganisha kulinifurahisha, kwa kuwa ni ushonaji ule ule: unashikiza kwanza. Chuma kikipoa hujivuta, na fremu yangu ya kwanza ilipinda kwa sababu nilimaliza pembe moja kabla ya kugusa nyingine. Shikiza pembe zote kwa nukta fupi, pima kutoka pembe hadi pembe mkabala, vipimo vikilingana ndipo ufunge, ukihama upande hadi upande.

Bomba lililopakwa zinki usilichome ovyo. Moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka. Pipa lililowahi kubeba mafuta linaweza kulipuka hata likionekana tupu. Dawa ya kusafishia breki yenye klorini ikikutana na moto wa rodi hutoa fosjini, gesi inayoua. Na ukizima mashine, baki nusu saa ukichunguza kama kuna cheche iliyojificha.

Jaribio lililonifunza kuliko yote ni la kuvunja. Simamisha kipande kimoja juu ya kingine, chomelea upande mmoja tu, bana kwenye jiliwa, kisha kipige nyundo kilalie upande wenye mshono. Changu cha kwanza kilikuwa kizuri machoni, mawimbi yake yamepangika kama darizi. Pigo la pili kikaachia, na ndani nikaona ukingo wa chuma bado una alama za msumeno. Haukuyeyuka hata kidogo. Nilivunja vipande 11. Cha 12 kilikunjika mpaka kikalala bila kuachia, na hapo ndipo mwalimu aliponiruhusu kukata chuma cha kutengenezea kiti.