Kupandisha Kondoo Nje ya Msimu kwa Homoni

Kondoo wa maeneo yaliyo mbali na Ikweta hupata joto (huwa tayari kupandwa) siku zinapofupika, kwani usiku mrefu huongeza homoni ya melatonini, nayo huamsha mfumo mzima wa uzazi. Katika majira ya siku ndefu, homoni ya kike ya estrojeni, hata kidogo tu, hutosha kuubana ubongo usichochee utoaji wa LH, homoni inayofanya yai litoke, hivyo folikuli (vifuko vya mayai) hukua na kunywea bila kuachia yai.

Wafugaji wengi hudhani sindano moja ya eCG, homoni ya farasi mwenye mimba inayochochea mayai, itamaliza kazi. Yai laweza kutoka kweli, lakini jike hatamkubali dume, na mwili wa manjano, yaani tezi inayojitokeza kwenye ovari yai likishatoka, mara nyingi hudumu siku chache tu, kwa kuwa projesteroni, homoni ambayo tezi hiyo huitoa, haikutangulia. Homoni ya prostaglandini nayo haifai hapa: kazi yake ni kuvunja mwili wa manjano, ambao jike aliye nje ya msimu hana.

Kwa hiyo anza na sponji yenye homoni ya aina ya projesteroni, ikae ukeni siku 12 hadi 14. Chagua majike waliowahi kuzaa, wenye afya na wasio na mimba. Vaa glavu, na mwanamke mjamzito asiishike sponji kabisa. Safisha sehemu ya nje, paka bomba la kuingizia sponji kilainishi chenye dawa ya kuua vijidudu, liingize taratibu likielekea juu kidogo kisha mbele, sukuma sponji, halafu utoe bomba huku uzi ukibaki nje. Uzi ukiwa mrefu, upunguze, maana kondoo wenzake huutafuna na kuuvuta. Ukikuta njia imebana, acha, usitumie nguvu.

Siku ya kutoa, vuta uzi polepole kuelekea chini. Ute wenye harufu kali utakaotoka ni wa kawaida, ingawa humshtua anayeuona mara ya kwanza. Uzi usipoonekana, usidhani sponji imeshadondoka, chunguza kwanza. Hapo hapo jike adungwe eCG msulini, kwa kawaida vipimo 400 hadi 500 vya kimataifa, kwa kiwango atakachoamua daktari wa mifugo kulingana na aina na uzito wake. Kuongeza dozi kwa tamaa ya mapacha huleta vitoto vingi dhaifu ambavyo mama hawezi kuvinyonyesha.

Wengi huingia joto kati ya saa 36 na 48 baada ya sponji kutoka, na hapo ndipo madume huletwa. Dume mmoja asipewe majike zaidi ya 10, kwa sababu wote huwaka pamoja na yeye mwenyewe nguvu zake hupungua nje ya msimu. Kwa uhimilishaji (kuweka mbegu bila dume) kupitia shingo ya kizazi, lenga saa ya 55 hivi tangu sponji kutoka. Mrudishe dume kuanzia siku ya 15 baada ya kupandisha, kwani baadhi ya wasioshika mimba hurudia joto siku ya 16 au 17, na waliobaki hurejea katika ukimya wao hadi msimu.