Wivingi ya kushonea: miadi ya saluni tangu siku ya kushona hadi siku ya kufumua

Wiki iliyopita nilishinda saa tano na kichwa cha mteja mmoja. Alikuwa amekaa na wivingi miezi mitano, akaifumua mwenyewe nyumbani, kisha akaingiza kichwa kwenye maji kabla ya kuzichambua nywele. Alipovua kilemba, kisogoni palikuwa na bonge gumu lisilopitisha hata ncha ya kitana. "Dada, tukate tu?" akaniuliza, machozi yakimlengalenga. Hatukukata. Ila nilipomaliza vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na niliumia zaidi kwa sababu yote yale yalizuilika.

Hatua ya 1: Siku ya kushona, panga siku ya kufumua

Ni wiki 6 hadi 8. Ikifika ya nane fumua, hata kama kwa nje bado inapendeza. Nywele hukua kama sentimita 1.25 kwa mwezi, kwa hiyo baada ya miezi miwili mistari, yaani nywele zako zilizosukwa ambazo wivingi imeshonewa juu yake, imeshaachana na ngozi kwa sentimita mbili na nusu hivi. Uzito wa wivingi sasa unaning'inia kwenye nywele changa, na kila ukigeuza kichwa shina linavutwa.

Namna ya kushona sielezi, msusi wako anajua. Ninayo mawili tu ya kukuomba. Kwanza, usikubali gundi. Mimi natumia sindano iliyopinda na uzi, sina njia nyingine, maana gundi ikitoka inatoka na nywele zako. Pili, uzi upishane rangi kidogo na nywele. Kama nywele ni nyeusi ti, chukua uzi wa kahawia iliyoiva. Kwa nje hauonekani, lakini siku ya kufumua jicho linaukamata mara moja.

Usiku wa kwanza ukishindwa kulala kwa maumivu, au ukiona vipele vidogo kwenye paji la uso nywele zinapoanzia, rudi kesho yake mstari wa mbele ulegezwe. Tafadhali usivumilie. Nywele zikivutwa muda mrefu zinanyonyoka, na shina likishakufa hapaoti tena.

Hatua ya 2: Kila baada ya wiki mbili, kuosha na kukausha

Shampuu ichanganywe na maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, ipitishwe katikati ya mistari, kisha ngozi isuguliwe kwa ncha za vidole, si kucha. Wivingi yenyewe isifikichwe. Povu linaloteremka linaitosha. Suuza maji yakishuka kuelekea chini, kondishena kwenye wivingi tu, suuza tena.

Kukausha ndiko kunakoharakishwa saluni nyingi. Wivingi hukauka mapema kwa juu, huku mistari iliyo chini yake ikiwa bado chepechepe. Ukiondoka hivyo, siku ya tatu harufu inaanza, na ukungu unaweza kuota. Kaa kwenye draya hata saa nzima. Kabla hujainuka, ingiza kidole chini ya wivingi hapo kisogoni, uguse mstari wenyewe. Ukihisi ubaridi, bado. Mwombe msusi akurudishe kwenye draya, na asikuone msumbufu.

Hatua ya 3: Wiki ya nne, kukagua

Palipolegea pashonwe upya, ncha zilizochoka zipunguzwe, na nywele zako ulizoziacha nje zipewe kondishena na zisipitishiwe pasi kila siku. Basi.

Hatua ya 4: Kufumua

Hapa nenda taratibu. Panga siku ambayo huna haraka, na msusi wako pia asiwe na foleni.

Anzia kisogoni, kwenye mwanga mzuri. Inua ukingo wa wivingi mpaka uone uzi umenyooka kati ya wivingi na mstari, kata hapo, na mkasi ulalie upande wa wivingi. Nasema hivi kwa sababu ukikata ukingo wa wivingi utaushona tena, lakini ukikata mstari umekata nywele za miaka. Usikate kila mshono: kata mmoja, ruka kadhaa, uvute uzi polepole. Ukigoma usiulazimishe, kuna fundo karibu, litafute. Usipouona uzi vizuri, weka mkasi chini utumie ncha ya sindano kuutenganisha. Mkasi wangu ni mdogo wenye ncha butu. Ule mkubwa wa kukatia nguo siuruhusu karibu na kichwa cha mtu.

Wivingi ikishatoka yote, usiguse maji. Fumua mstari mmoja mmoja kwa vidole au kwa mkia wa kitana. Pale mstari unapoanzia utakuta kiduara cha uchafu, cheupe cha kijivu, kinanata kidogo. Ni mba, mafuta na vumbi la wiki zote zile. Kitana kikipita hapo kwa nguvu kinakata nywele. Tia tone la mafuta, kisagesage kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka kivunjike kiwe unga, halafu ndipo uchane.

Sasa chambua. Gawa kichwa mafungu manne au zaidi, paka mafuta au kondishena nzito yenye utelezi, kisha tumia vidole kwanza na baadaye chanuo la meno mapana, kuanzia nchani kupanda kwenye shina. Zitatoka nywele nyingi, bonge la kujaza kiganja, na wateja wengi hushtuka. Kwa kawaida mtu hupoteza nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Kwa wiki 8 hizo ni 2,800 hadi 5,600, na zilikuwa zimenaswa kwenye mistari zikikosa pa kuangukia. Angalia kitu kimoja: zilizotoka kwa kawaida ni ndefu, nyingi zina kitone cheupe mwishoni. Ukiona vipande vifupi vifupi visivyo na kitone, zinakatika, na hapo mwulize msusi amevuta wapi.

Nywele hizo zilizokufa zisipotolewa kabla ya maji, huviringika na zilizo hai wakati wa kuosha, zikikauka zinashikana. Ndilo bonge la yule mteja wangu. Lilifunguka kwa kondishena nyingi na mkia wa kitana, nywele chache chache, kutoka pembeni kuingia katikati. Kama yamekukuta, usichane kutoka juu wala usikimbilie mkasi.

Kila fungu likipita chanuo bila kukwama, lisokote ulibane pembeni. Yote yakiisha, ndipo uoshe.

Hatua ya 5: Mapumziko

Wiki mbili angalau kabla ya kushona tena, na mistari ya safari ijayo ibadilishiwe njia ili mashina yaleyale yasibebe mzigo tena. Mbele pakiwa pamepungua, subiri zaidi. Yule mteja nimemwambia akae mwezi mzima bila kushonea chochote, na tarehe yake ya kufumua wivingi ijayo tumeshaiandika.