Kuandaa Mashindano ya Gemu Bila Kujitafutia Kesi

Mpira wa miguu hauna mwenyewe: chora mistari, tafuta mpira, chezeni. Gemu ya video ina mwenyewe, na hakimiliki yake inagusa kuichezesha mbele ya watazamaji, kuirusha mubashara, hata kuweka nembo yake kwenye bango. Kwa hiyo usianze na ukumbi wala mdhamini. Anza na masharti ya kampuni inayomiliki gemu.

Hata wakubwa wamekwaa hapa. Korea Kusini, shirikisho la michezo ya gemu, KeSPA, lilikuwa limeshajenga ligi za gemu ya StarCraft na kuuza haki za matangazo pale Blizzard, kampuni inayoimiliki gemu hiyo, ilipodai kilicho chake. Mvutano ulifika mahakamani na kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2011.

Kampuni nyingi huweka kwenye tovuti zao masharti ya mashindano madogo. Ukibaki ndani yake, kwa kawaida huhitaji leseni ya pekee. Soma ukitafuta idadi ya washiriki, ada, thamani ya zawadi na aina ya wadhamini wanaokubalika. Mwongozo ambao Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, iliutoa mwaka 2023, kwa mfano, uliweka ukomo wa washiriki 200 ukumbini au 300 mtandaoni. Kwa Marekani, ada isizidi dola 20 na zawadi zisizidi dola 5,000. Ukivuka ukomo, omba leseni kwa maandishi na usitangaze tarehe kabla ya jibu. Hifadhi nakala ya masharti yenye tarehe uliyoyasoma, maana hubadilishwa bila taarifa. Muziki ni habari nyingine: leseni ya gemu haikupi ruhusa ya kupiga nyimbo za watu kwenye matangazo.

Sasa fedha, na hapa ndipo waandaaji wengi huteleza. Sheria za kamari za nchi nyingi hutazama mambo matatu kwa pamoja: mshiriki ametoa malipo, matokeo yanategemea bahati, na kuna zawadi. Ondoa moja, na mara nyingi umetoka kwenye hatari. Gemu ya mapigano inategemea ustadi, lakini gemu ya karata zinazochanganywa ina bahati ndani yake, na mahakama za nchi mbalimbali hazipimi bahati kwa mizani moja. Japani ni kali zaidi: ada za washiriki zikigeuzwa kuwa zawadi, inaweza kuhesabiwa kamari hata kama ustadi unatawala, ndiyo maana waandaaji wa huko hutegemea fedha za wadhamini. Njia salama ni kuweka fungu la ada mbali na fungu la zawadi: ada ilipie ukumbi, umeme na waamuzi, mdhamini alipie zawadi, na hesabu zionyeshe hivyo.

Kisha andika kanuni, kwa sababu siku ya mchezo hizo ndizo mkataba kati yako na wachezaji. Taja toleo la gemu litakalotumika, vifaa vinavyoruhusiwa, dakika za kumsubiri aliyechelewa kabla ya kumpa mpinzani ushindi wa mezani, nani anaruhusiwa kusimamisha mchezo, na nini kinafuata intaneti ikikatika. Hilo la mwisho ndilo huzua ugomvi mkubwa. Amua mapema: mchezo unarudiwa ukikatika kabla ya dakika fulani, au alama zinabaki zilivyo? Weka muda wa kukata rufaa, tuseme dakika 15 baada ya mchezo, na mtu wa kuisikiliza ambaye si mwamuzi wa mchezo huohuo. Hifadhi rekodi za michezo hadi zawadi zilipwe na rufaa ziishe.

Mamluki, yaani wanaocheza kwa jina la mwingine, huzuiwa kwa kulinganisha kitambulisho na jina la akaunti kabla ya mchezo wa kwanza. Usikusanye zaidi ya unachohitaji. Nakala ya kitambulisho iliyosahaulika kwenye simu ya msaidizi ni kosa la ulinzi wa taarifa linalosubiri kutokea.

Kwa walio chini ya umri wa utu uzima, pata saini ya mzazi au mlezi, na angalia daraja la umri la gemu yenyewe. Ufaransa, kupitia sheria ya mwaka 2016, inadai ruhusa ya mzazi na ina utaratibu wa kutunza fedha za walio chini ya miaka 16.

Kuuza mechi kupigwe marufuku kwa maneno ya wazi: mchezaji, kocha au mwamuzi asibeti kwenye mashindano haya, asitoe siri za timu, na akifuatwa atoe taarifa. Kila mmoja atie saini. Valve, kampuni inayomiliki gemu ya Counter-Strike, iliwafungia wachezaji wa timu ya iBUYPOWER mwaka 2015 kwa mechi waliyoiuza mwaka uliotangulia. Korea Kusini, kashfa ya kuuza mechi za StarCraft ya mwaka 2010 iliwafikisha wachezaji mahakamani. Wewe unaweza kumwondoa mtu mashindanoni, lakini jinai ni kazi ya polisi, hivyo wapelekee ushahidi kabla ya kumtaja hadharani. Ukimtaja kwanza, huenda wewe ndiye utakayejibu kesi ya kumchafulia jina.

Zawadi ilipwe kwa tarehe iliyoandikwa kwenye kanuni, kwa jina lililoandikishwa, na kwa risiti. Eleza tangu mwanzo kama kiasi kilichotangazwa ni kabla au baada ya kodi, na kama ni cha timu nzima, kinagawanywaje.