Kukadiria akiba ya potashi kwa mashimo ya kuchoronga

Mimi nikipokea data za Saskatchewan, Kanada, ambako tabaka la potashi (chumvi za potasiamu) liko chini kwa takriban kilomita moja au zaidi, sianzi na hesabu. Nauliza kwanza: shimo lilichorongwa kwa maji gani? Maji yasiyo na chumvi huyeyusha chumvi, na sampuli iliyoliwa haina thamani. Yanatakiwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi, au tope la mafuta.

Kisha linganisha sampuli na kipimo cha mionzi ya gama. Potasiamu hutoa mionzi, kwa hiyo tabaka hujionyesha lenyewe. Maabara ikikupa KCl (kloridi ya potasiamu), zidisha kwa 0.632 upate K2O (oksidi ya potasiamu), kipimo cha ubora wa potashi. Angalia pia madini ya kanaliti: nayo yana potasiamu, lakini ni dhaifu na hunyonya unyevu wa hewa. Usiyahesabu pamoja na silviti (madini ya KCl), tafadhali sana.

Sasa tuseme unene ni mita 2.5, K2O asilimia 22, nawe umelipatia kila shimo duara la nusu kipenyo cha mita 800. Eneo ni kama mita za mraba milioni 2.01. Zidisha kwa unene na densiti ya tani 2.08 kwa mita ya ujazo: tani milioni 10.5 za mbale (mwamba wenye madini), zenye K2O tani milioni 2.3.

Hiyo bado ni rasilimali tu (kilichopo ardhini), si akiba (kinachoweza kuchimbwa). Ondoa sehemu ambazo chumvi iliyeyuka zamani (mitetemo ya ardhini huzionyesha), kisha nguzo zinazoachwa kushikilia dari. Ukiweza kuchimbua asilimia 35 tu ya mbale yote, unapata tani milioni 3.7.