Kujifunza netiweki ukiwa chuo: anza na waya, sio na slaidi

Hii naiandika kwa madogo mnaosoma IT hapa Tanga, cheti au diploma, nyie ambao mnaweza kutaja tabaka 7 za OSI (ule mchoro wa netiweki wa darasani) hata mkiamshwa usiku wa manane, ila ukipewa kebo na konekta mkono unatetemeka. Siwacheki, na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nimemaliza chuo na alama zangu nzuri, kazi ya kwanza naitwa kwenye duka la stationari huku Ngamiani, kompyuta 4 na printa moja, mwenye duka anataka zote ziprinti basi. Nilikaa pale kuanzia saa tatu asubuhi mpaka adhana ya alasiri. Nimebadilisha IP (namba ya kompyuta kwenye netiweki), nimefuta draiva, nimewasha na kuzima ruta mpaka ikachoka, kumbe konekta moja haikubanwa sawasawa. Yule mama alinipa chai na vitumbua akaniuliza kwa upole kabisa, "mwanangu, kwani huko chuo mlikuwa mnasoma nini?" Niliinamia kikombe.

Kwaiyo mpangilio wangu ni huu, unaanza chini kwenye waya unapanda juu, na hupandi ngazi ya pili kabla ya kwanza haijakaa.

Hatua ya 1: tafuta vifaa vyako mwenyewe

Usisubiri maabara ya chuo, manake kule mnakuwa watu 40 kwenye swichi moja (kile kiboksi cha kuunganisha kompyuta kwa kebo) na anayeshika kibodi ni yule yule kila siku. Unahitaji ruta ndogo (mi natumia MikroTik kwasababu kwa hela kidogo inafanya mambo mengi), swichi ya porti 8 ya kukonfigi hata ya mtumba, koleo la kukrimpu (kubana konekta kwenye kebo), testa ya kebo, konekta za RJ45 (vile vichwa vya plastiki vya kebo ya netiweki) pakiti moja na kebo ya Cat5e mita 20 hivi. Laptopu azimaneni. Changeni watu watatu wanne mnaoelewana, mtamaliza.

Hela haipo kabisa? Packet Tracer ya Cisco ni ya bure, ishushe uanze nayo, ni nzuri sana tena. Ila ujue kule kebo haioti kutu wala panya hatafuni, na maisha ya fundi netiweki ni kutu na panya.

Kwenye kebo angalieni msipigwe. Kuna kebo zinauzwa bei ya kutupa, ndani ni aluminiamu imepakwa shaba juu. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja, ukiona weupe wa fedha chini ya ule wekundu achana nayo. Zinakatika ukizikunja mara chache tu, na ukitaka kupitishia umeme wa kamera humo humo utalia.

Hatua ya 2: krimpu kebo 20

Ndio, ishirini. Hapa ndo watu wanapaona padogo na ndo panapowaumbua.

Menya ganda la nje, utakuta jozi nne zimesokotwa. Panga hivi kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Huo ndo mpangilio unaitwa T568B. Konekta ishike kile kiklipu kiwe upande wa nyuma na meno ya dhahabu yakutazame, kebo iingie kwa chini, namba 1 inakuwa kushoto kwako. Nyoosha nyuzi, zikate zilingane, sukuma mpaka uzione zimegota mwisho, na lile ganda la nje nalo liingie ndani ya konekta ili libanwe pamoja. Ukiona nyuzi zenyewe ziko wazi nje ya konekta, kata urudie, usijidanganye. Kusokotoa jozi usizidishe sentimita moja na ushee.

Sasa sikilizeni hii. Kuna fundi anasema rangi sio ishu, bora pande zote mbili zifanane. Anapanga jozi zinafuatana tu, chungwa zote mbili, kijani zote mbili, bluu, kahawia. Anaweka testa, taa zinawaka 1 mpaka 8 safi kabisa, analipwa anaondoka. Baada ya wiki mwenye ofisi analalamika net inakwenda kwa kusuasua na mafaili yanagoma katikati. Kwanini? Kwasababu pini ya 3 na ya 6 zinatakiwa ziwe jozi moja iliyosokotwa pamoja, ule msokoto ndo unaofuta kelele za umeme kati ya waya na waya. Jamaa kaweka 3 ya kijani na 6 ya bluu. Testa ya bei rahisi inaangalia tu kama umeme umefika upande wa pili, haijui nani kasokotwa na nani. Kwenye kebo ya mita 2 hutaona shida, weka ya mita 40 ndo utajua hujui.

Na usivuke mita 100 kutoka swichi mpaka kompyuta. Kwa sisi wa huku pwani kuna la ziada, nyumba za kule Raskazone upepo wa chumvi unazipiga mchana na usiku, nimeshafungua konekta ya kamera ya nje nikakuta meno yameota ukijani kama sufuria la shaba lililosahaulika. Ya nje iweke ndani ya boksi lililozibwa, na kebo yenyewe iwe ile nyeusi ya kuvumilia jua.

Kila kebo ukimaliza ibandike jina, pande zote mbili. Selotepu ya karatasi na makapeni inatosha.

Hatua ya 3: gawa IP kwenye karatasi

Sabneti, yaani vipande vya netiweki, zinawatesa wengi kwasababu mnafundishwa fomula kabla ya picha. Picha mnayo, Ngamiani. Barabara zetu zina namba, si ndio? Mtu akikwambia naishi barabara ya 9 nyumba fulani, namba ya kwanza inakupeleka mtaani na ya pili inakupeleka mlangoni. IP ni hivyo hivyo, na maski ndo inayokwambia namba ya barabara inaishia wapi na ya nyumba inaanzia wapi.

Chukua 192.168.10.0/24, hiyo /24 ndo maski. Hapo nyumba ni 256, unatoa ya kwanza ambayo ni jina la barabara yenyewe na ya mwisho ambayo ni ya kutangazia wote, zinabaki 254. Ukisema /26 umeikata barabara vipande vinne vya 64, na kila kipande kina nyumba 62 za kukaa watu. Vinaanzia 0, 64, 128 na 192.

Zoezi. Kompyuta ina 192.168.10.70/26, getiwei (mlango wa kutokea nje, yaani ruta) umeiwekea 192.168.10.1. Itatoka nje? Haitoki. 70 iko kipande cha 64 mpaka 127, getiwei iko kipande cha kwanza, ni kama unaomba chumvi kwa jirani wa barabara nyingine kwa kugonga ukuta. Fanya mazoezi ya hivi kama 50 kwa mkono bila kikokotoo, siku mbili tu zinatosha.

Kingine, netiweki ya ofisi usiipe 192.168.1.0 wala 192.168.0.0. Ruta nyingi za nyumbani zinakuja nazo, na siku mtu akichomeka yake utaanza kuchanganyikiwa hujui ipi ni ipi. Ambayo inanileta kwenye ruta.

Hatua ya 4: ruta na DHCP

MikroTik unaingia kwa Winbox (programu yake ya kwenye kompyuta), kwa kawaida ukiitoa kwenye boksi inakuwa 192.168.88.1. Kabla hujafanya chochote badilisha paswedi, sasisha programu yake, afu ndo upange IP zako. DHCP, yule anayegawa IP mwenyewe, mpe kipande, mfano .100 mpaka .200, chini ya hapo weka printa, kamera na vitu vinavyotakiwa visihame. Kamwe printa isiachwe ipewe IP ya kubahatisha, ikihama tu simu yako inaanza kuita.

Sasa kisa. Ofisi moja, siitaji, kompyuta zaidi ya 30. Asubuhi nusu zina net nusu hazina, na ukiizima moja ukaiwasha inaweza ikapata au iliyokuwa nayo ikakosa. Nimefika nimepiga ipconfig /all (amri ya kuonyesha IP ya kompyuta) kwenye iliyokosa, naona ina 192.168.0.14. Sisi pale tunatumia zinazoanza na 10.20. Nikashuka mstari wa DHCP Server, imeandikwa 192.168.0.1. Hapo nikajua kuna mgeni. Nikapiga arp -a nikapata MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya huyo 192.168.0.1, nikaingia kwenye swichi nikaangalia jedwali la MAC, iko porti ya 17. Nikafuata kebo ya 17 (unaona faida ya kubandika majina?) mpaka chini ya meza ya dada mmoja, nyuma ya pazia, nakuta karuta ka nyumbani kanawaka taa hakana wasiwasi.

"Kaka, WiFi ilikuwa hainifikii hapa nikaleta ya nyumbani," anasema, na wala hakuwa na kosa kwakweli, alikuwa hajui. Alichomeka kebo ya ofisi kwenye porti ya LAN (ya upande wa ndani), karuta kakaanza kugawa IP kwa kila atakayeuliza. Kompyuta ikiomba IP inapiga kelele kwa wote, anayejibu wa kwanza ndo anachukuliwa. Dawa ya kudumu ni DHCP snooping kwenye swichi, unaiambia porti ya kuelekea ruta tu ndo inaruhusiwa kujibu. Kalifanyieni hili kwenye maabara yenu makusudi, lileteni tatizo wenyewe afu mmoja atoke nje arudi alitafute.

Hatua ya 5: VLAN

Swichi moja unaikata iwe kama swichi mbili, kila kipande ndo VLAN. Porti ya 1 ndo trunki inaenda kwenye ruta imebeba VLAN zote, 2 mpaka 5 VLAN 10 ya ofisi, 6 na 7 VLAN 20 ya wageni. Namba unachagua mwenyewe, zinaenda 1 mpaka 4094.

Mambo mawili tu. La kwanza, porti ya 8 iache huigusi, ya kwako wewe kuingilia. Mi nilijifungia nje ya swichi saa nne usiku, ikabidi niiriseti nianze upya kabisa. La pili, watu wengi wakishaweka VLAN wanapiga makofi wanaondoka. Ruta inazijua barabara zote mbili na itapitisha watu kati yake usipoizuia! Kaa upande wa wageni, jaribu kuping printa ya ofisi (kuiita uone kama inajibu). Ikijibu, bado hujafanya kitu, rudi kwenye firewall, yule mlinzi wa ndani ya ruta, uweke sheria ya kukataa.

Hatua ya 6: haribu

Zima STP (kinga ya njia za duara) kwenye swichi, chukua kebo, chomeka porti ya 3 na ncha ya pili porti ya 4 ya swichi hiyo hiyo. Kaa pembeni uangalie. Taa zote zitacheza kwa pamoja kama zimepigiwa mdumange na hakuna kompyuta itakayopata kitu. Fremu ya Ethernet haina hesabu ya kuzeeka kama pakiti ya IP, ikipata njia ya duara inazunguka haifi, na kila mzunguko inamwaga nakala kwenye porti nyingine. Hii shida mwanamama Radia Perlman aliitafutia dawa mwaka 1985, ndo hiyo STP, inaziba njia moja makusudi ili duara lisiwepo. Iwashe tena, uone taa zinavyotulia.

Hatua ya 7: kutafuta tatizo

Mtu akisema "net haipo" usikimbilie ruta. Taa ya porti inawaka? Haiwaki, ni waya, rudi hatua ya 2. Inawaka, piga ipconfig, ukiona 169.254 ujue kaomba DHCP hakujibiwa. IP ipo sawa, ping getiwei. Getiwei inajibu, ping 8.8.8.8 (ya Google, iko nje kwenye intaneti). Inajibu ila ukiandika jina la tovuti haifunguki, hiyo ni DNS, inayogeuza jina la tovuti kuwa IP. Ni hivyo tu, na usiruke hata moja hata kama mteja amekusimamia kichwani anapumua.

Mei 2024 EASSy na Seacom, zile kebo za chini ya bahari, zilikatika kwa pamoja, nchi nzima net ikawa ya kubembeleza. Simu yangu haikupumzika, kila mteja ananiambia ruta yangu imekufa. Na yule mama wa stationari naye akapiga. Nikaingia kwa simu ya kijana wake pale dukani, mi namwelekeza yeye anaandika. Taa zipo. IP ipo. Getiwei inajibu milisekunde 1. Tracert (amri ya kuonyesha njia hatua kwa hatua) inatoka kwenye ruta, inafika kwa mtoa huduma, inasogea hatua mbili tatu, baada ya hapo ni nyota tupu mpaka mwisho.

Nikamwambia mama, hiyo imekatika mbali, baharini, sio dukani kwako, ila printa na kompyuta zako zinaongea kama kawaida.

"Kwaiyo naweza kuprinti?"

"Unaprinti mama."

Akakata simu, alikuwa na foleni ya wateja.